Jinsi ya kuwakalisha mganga wa kituo cha afya na injinia wa barabara meza moja

Kila siku tunaambiwa tembeeni, presha na sukari zimezidi, WHO (Shirika la Afya Duniani) wanasema mtu mzima apate walau dakika 150 za mazoezi kwa wiki na mtoto dakika 60 kila siku, sawa, ila utatembea wapi kama pembeni ya lami ni mtaro uko wazi na bodaboda nao wanapita hapohapo? Mganga peke yake haliwezi hilo, na injinia hajui nani anaumia wapi. Wa kuwakutanisha ni nyie wa mtaani.

Anzieni kituo cha afya. Majeruhi mara nyingi anaandikwa anapoishi, sio alipogongwa, kwa hiyo muombeni mganga mfawidhi, yaani mkuu wa kituo, waweke daftari pembeni: ajali imetokea wapi, saa ngapi, alikuwa kwa miguu au baiskeli. Majina ya wagonjwa yasiwemo kabisa. Ikipita miezi kadhaa mtaona sehemu zilezile zinajirudia, na hapo ndo mna kitu cha kumuonyesha injinia.

Jueni pia barabara ni ya nani, wengi wanakwama hapa. Hapa Tanzania za mtaa na wilaya ni za TARURA, kuu na za mkoa ni za TANROADS, zote mbili ni wakala wa serikali, ukipeleka barua kusikohusika utazungushwa mpaka uchoke.

Halafu diwani na mtendaji waite kikao cha kata, aje afisa afya na mtu wa TARURA, ila msiishie ofisini, tokeni nao asubuhi watoto wanapoenda shule mtembee njia yao yote, injinia ajionee mtoto wa darasa la kwanza anavyosubiri kuvuka. Dar mradi wa SARSAI, wa usalama wa watoto njiani kwenda shule, wa shirika la Amend ulifanyia kazi hizi njia za shule, wakaweka njia za miguu, matuta na vivuko, na 2019 ukachukua tuzo ya kimataifa ya miji ya WRI Ross.

Msiombe "barabara salama", ombeni kitu kinachohesabika: tuta kabla ya zebra, vigingi vya kuzuia pikipiki, mifuniko ya mtaro, sehemu ya kufungia baiskeli hapo zahanati, kibao cha spidi 30 karibu na shule maana ukigongwa na gari la spidi 30 una nafasi kubwa zaidi ya kupona kuliko la 50.

Mwaka wa fedha unaanza Julai 1, barua yenu ya maombi iingie kabla ya Desemba, mkichelewa mtaambiwa bajeti imeshafungwa. Nakala apewe Mganga Mkuu wa Wilaya, na tuta likishajengwa daftari liendelee kuandikwa, muone kama ajali zimepungua.