Namna ya kuyapima mazingira ya nchi kabla ya kuanzisha biashara

Anayetaka kuanzisha biashara Tanzania Bara mara nyingi huanza kwa kuuliza mtaji atautoa wapi, ilhali linalopaswa kutangulia ni kujua jinsi sheria, kodi na masharti ya serikali yatakavyoigusa biashara anayoikusudia. Mazingira hayo humtia mtu moyo au kumvunja, na zaidi ya hapo huamua aina ya biashara atakayoichagua, ukubwa wake, na kama ataisajili au ataiendesha kimyakimya.

Zipime sheria kwa kutazama zinachofunga na zinachofungua. Aprili 2019 Waziri Mkuu Kassim Majaliwa alitangaza bungeni kwamba mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa itapigwa marufuku kuanzia tarehe 1 Juni. Aliyekuwa na shehena stoo alibakiwa na wiki chache tu za kuiondoa, lakini marufuku hiyo hiyo iliwapa nafasi watengenezaji wa mifuko mbadala, ambao hapo awali wasingeweza kushindana na kitu alichopewa mteja bure. Fuatilia pia hotuba ya bajeti inayosomwa kila Juni, kwa kuwa mabadiliko yake mengi huanza kutumika Julai. Tozo ya miamala ya simu iliyoanza Julai 2021 ilizua malalamiko makubwa hadi ikapunguzwa kwa asilimia 30 kabla ya miezi miwili kupita. Wakala wa miamala hiyo aliyekuwa amefungua kibanda mwezi Juni kwa kutegemea kamisheni hakuwa na la kufanya ila kungoja.

Katika kodi, usiridhike na kusikia viwango. Vigeuze kuwa mauzo ya siku. Mfanyabiashara mdogo ambaye mauzo yake hayazidi shilingi milioni 4 kwa mwaka hatozwi kodi ya mapato, jambo linaloonekana kuwa nafuu kubwa mpaka uligawe kwa siku 365 na kupata takriban shilingi 11,000, kiasi ambacho genge la mboga lenye wateja wa kawaida hukipita kabla ya jioni. Usajili wa VAT, yaani kodi ya ongezeko la thamani, nao ni wa lazima mauzo ya bidhaa zinazotozwa kodi hiyo yanapofika shilingi milioni 200 kwa mwaka, kiwango kilichopandishwa mwaka 2023 kutoka milioni 100, yaani kama shilingi 548,000 kwa siku. Duka la jumla la sukari hufika hapo kwa urahisi huku faida yake ikiwa nyembamba, kwa sababu kinachohesabiwa ni mauzo, si faida. Ndiyo maana wengine huligawa duka moja kuwa mawili kwa majina ya ndugu. Hesabu yao inaeleweka, ingawa siishauri.

Mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, kwa ajili ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, iombe ukiwa na sifa, lakini usiijengee mpango wako wote: ilisitishwa mwaka 2023 na kurejeshwa mwaka uliofuata.

Vibali viulizie kabla ya kulipa pango, hasa kwa sababu wenye fremu wengi hudai kodi ya miezi sita au mwaka mzima kwa mkupuo. Nenda kwa afisa biashara wa halmashauri, umweleze mtaa na shughuli yenyewe, kisha umuulize leseni gani inahitajika na eneo hilo linaruhusiwa au la. Ukikusudia kusindika chakula, Shirika la Viwango (TBS) ndilo linalohusika tangu 2019, baada ya kazi hiyo kuondolewa kwa iliyokuwa Mamlaka ya Chakula na Dawa (TFDA). Mjasiriamali mdogo apitie kwanza SIDO, shirika la kuhudumia viwanda vidogo, kuomba barua ya utambulisho. Mkataba wa pango usomeke waziwazi kuhusu kodi ya zuio ya asilimia 10, ambayo kisheria mpangaji wa biashara huikata katika pango la mwenye nyumba na kuiwasilisha Mamlaka ya Mapato (TRA). Wenye fremu wengi humwachia mpangaji aibebe juu ya pango kamili, naye huligundua hilo akiwa tayari amekwisha kulipa.