Kuweka matangazo kwenye tovuti ya Tanga: nafasi, bei na yanayoharibu

Tuseme tovuti yako ya habari za Tanga inafunguliwa kurasa 20,000 kwa mwezi, na AdSense, huduma ya Google ya kuweka matangazo kwenye tovuti za watu, inakupa senti 80 za dola kwa kila kurasa 1,000. Hiyo ni dola 16 kwa mwezi. Google hawalipi mpaka salio lifike dola 100, kwa hiyo utasubiri zaidi ya miezi 7 kabla ya kuona hela ya kwanza. Duka moja la vifaa vya ujenzi pale Ngamiani likikubali shilingi 50,000 kwa mwezi, unatumiwa kwenye simu siku hiyohiyo. Kwa tovuti ya ukubwa huu, basi, nafasi nzuri wauzie watu wa hapahapa, na panapobaki wazi ndipo AdSense ijaze. Wengi hufanya kinyume chake, halafu wanalalamika kwamba matangazo hayalipi.

Nafasi zenyewe

Usipange matangazo ukiwa mbele ya kompyuta. Fungua tovuti kwenye simu ya bei nafuu, yenye skrini ya upana wa pikseli 360 hivi, kwa bando la kawaida, uone wasomaji wako wanaona nini.

Sehemu ya juu kabisa ya ukurasa inapendwa na kila mwenye tovuti, lakini kwenye simu ndiyo inayopitwa haraka. Msomaji ni waja leo waondoka leo: anafungua, anakamata kichwa cha habari, anateremka, na bango la juu bado halijamaliza kupakia. Kwenye biashara hii tangazo huhesabiwa limeonekana pale nusu ya pikseli zake zinapokaa kwenye skrini kwa sekunde 1 au zaidi. Lililopitwa halihesabiki, hata kama limelipiwa.

Nafasi ya kwanza kwa thamani ni chini ya aya ya pili, bango la pikseli 300 × 250. Hapo macho yameshatulia. Ya pili ni mwisho wa habari, kabla ya orodha ya habari nyingine, kwa sababu aliyefika hapo amemaliza kusoma na anatafuta pa kwenda. Ya tatu ni ukanda wa 320 × 50 uliobanwa chini ya skrini, wenye alama ya kuufunga inayobofyeka kwa kidole cha kawaida. Kwa wanaotumia kompyuta, 728 × 90 chini ya kichwa cha habari inatosha, na 300 × 600 pembeni kama muundo wa tovuti una pembeni.

Ukitaka kuongeza, pima kwanza. Urefu wa matangazo yote kwenye simu usizidi asilimia 30 ya urefu wa habari yenyewe. Habari yenye urefu wa pikseli 2,500 inabeba pikseli 750 za matangazo. Mabango matatu ya 300 × 250 tayari yamezimaliza. Ukipita hapo, au ukiweka video zinazojipigia sauti na mabango yanayofunika habari nzima, kivinjari cha Chrome kinaweza kuyazuia matangazo yote ya tovuti yako, pamoja na yale ya mwenye duka aliyekwisha kulipa.

Kosa linalojificha ni la bango linaloruka. Kurasa zinafunguka, msomaji anapeleka kidole kwenye kiungo, mara tangazo linatokea na kusukuma maandishi chini. Kidole kinaangukia tangazo. Msomaji anakasirika, na AdSense wanaweza kuona kwamba unavuna mibofyo ya bahati mbaya. Dawa yake ni mstari mmoja wa CSS, msimbo unaopanga mwonekano wa ukurasa: kasha la tangazo lipe min-height: 250px ili nafasi iwe imetengwa hata kabla picha haijafika.

Bango la duka

Picha ikizidi kilobaiti 100, ipunguze au igeuze iwe WebP, aina ya faili la picha lililo jepesi. Maneno yasizidi manane. Mwenye duka atataka uandike kila anachouza, kuanzia misumari mpaka matanki ya maji, pamoja na namba tatu za simu na picha ya jengo. Mkatalie kwa upole. Bango linalofanya kazi lina bidhaa moja, bei yake, na mahali: «Saruji, mfuko shilingi [bei], tunafikisha mpaka Pongwe.» Bei ikibadilika, badilisha bango siku hiyo, mteja akifika dukani akatajiwa bei nyingine, lawama inakuja kwenye tovuti.

Juu ya kila tangazo andika neno Tangazo kwa herufi ndogo zinazosomeka. Kiungo kinacholipiwa kipe rel="sponsored" ndani ya msimbo wake, maana Google huvichukulia viungo vya kulipiwa visivyotajwa kama udanganyifu, na tovuti inaweza kushushwa kwenye matokeo ya utafutaji.

Kumwendea mwenye duka

Neno la kitaalamu halimsaidii. Baada ya shikamoo na habari za biashara, mwonyeshe ukurasa kwenye simu yake mwenyewe, sio yako. Swali litakalokuja ni moja: «Sasa mwanangu, nitajuaje kama huyu mteja katoka kwako?»

Jibu lake litengeneze mapema. Bango lisipeleke watu kwenye namba ya kupiga, lipeleke WhatsApp kwa kiungo cha wa.me/255 kikifuatiwa na tarakimu 9 za namba ya duka, bila sifuri ya mwanzo wala alama ya kujumlisha. Mwishoni ongeza ?text= na sentensi fupi, kila nafasi kati ya maneno ikiandikwa %20: Nimeona%20tangazo%20lako%20mtandaoni. Mteja akibofya, ujumbe unakuwa umeshaandikwa, yeye ni kutuma tu. Mwisho wa mwezi mwenye duka anafungua simu na kuzihesabu jumbe hizo mwenyewe. Ushahidi huo anauamini kuliko jedwali lako lolote.

Bei ifanye ya mwezi, usiuze kwa mibofyo. Kama nusu ya kurasa 20,000 zinafika aya ya pili, ni mara 10,000. Kwa shilingi 5 kila moja unapata ile 50,000. Nafasi ya mwisho wa habari iuze nusu ya hapo. Anayelipa miezi mitatu kwa pamoja mpunguzie kidogo. Taja bei kwa shilingi: kanuni za mwaka 2025 zinakataza kutoza kwa fedha za kigeni humu nchini. Na usiwaweke wauza saruji wawili ukurasa mmoja, hata kama wote wanalipa.

AdSense kwenye nafasi zilizobaki

Uwe na miaka 18, habari ziwe zako mwenyewe, na uwe na ukurasa wa sera ya faragha. Msimbo wao unakaa ndani ya <head>. Kisha kwenye mzizi wa tovuti weka faili la ads.txt, linalotaja nani anaruhusiwa kuuza matangazo ya tovuti yako, lenye mstari huu, ukiweka namba yako ya mchapishaji badala ya sifuri za baada ya pub-:

google.com, pub-0000000000000000, DIRECT, f08c47fec0942fa0

Matangazo ya kujipanga yenyewe (Auto ads) yazime, la sivyo yanaweza kuingia hata karibu na nafasi uliyomuuzia mtu. Kwenye ukurasa wa kuzuia, pitia makundi nyeti na ufunge yale ya utajiri wa haraka na ya kutafuta wachumba kama wasomaji wako ni wazazi na walimu.

Salio likifika dola 10, Google hutuma PIN, namba ya kuthibitisha anwani yako, kwa barua, na kwa kawaida huchukua wiki 2 hadi 4. Hapa ndipo watu wengi hukwama. Anwani ya «Makorora, nyuma ya msikiti» haileti barua, andika S.L.P. unayoweza kuifungua kweli pale posta, na jina lilingane na la akaunti ya benki. Una miezi 4 tangu PIN ya kwanza itolewe. Ikipita hujaiingiza, matangazo yanasimama. Malipo hutoka kati ya tarehe 21 na 26 ya mwezi unaofuata.

Usibofye matangazo yako, usiwaombe ndugu wabofye, wala usiandike «bofya hapa utuunge mkono». Hela ya mibofyo hiyo hukatwa, na akaunti ikifungwa ni kazi kubwa kuirudisha.

Tovuti za habari zina masharti ya leseni ya maudhui ya mtandaoni chini ya TCRA, Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, hivyo ulizia ofisini kwao kabla hujaanza kukusanya hela za wateja.

Mkataba wa duka ukiisha, shusha bango siku hiyohiyo na uiachie AdSense nafasi. Ukiliacha wiki mbili za bure kwa kuoneana haya, mwenye duka hatakuwa na haraka ya kulipa, na jirani yake atakuja kuomba wiki mbili zake.