Kutunga wimbo wa roki wa dakika 20 na kuupiga jukwaani

Kwa kasi ya mapigo 120 kwa dakika, wimbo wa dakika 20 una mapigo 2,400, yaani vipimo 600 vya mapigo manne. Ukijaza nafasi hiyo kwa mawazo mapya matupu, msikilizaji atapotea. Anza na tuni mbili au tatu fupi, za noti tano hadi nane, na sehemu zote zizaliwe humo. Tuni iliyoimbwa mwanzoni irudi katikati ikipigwa na besi kwa nusu ya kasi, kisha bendi nzima iichukue mwishoni katika ufunguo (noti ya msingi) wa juu zaidi. Nyimbo ndefu zinazochosha mara nyingi ni vipande sita vizuri visivyojuana.

Chora ramani kwenye karatasi moja: idadi ya vipimo vya kila sehemu, kasi, ufunguo na anayeongoza. Kilele kiwe kimoja, karibu na mwisho, na kitanguliwe na dakika mbili au tatu za utulivu. Bendi iliyomaliza nguvu zake dakika ya sita haina tena pa kupanda.

Maungio, yaani mahali sehemu moja inapoingia katika nyingine, ndiyo kazi yenyewe. Kushuka kutoka 120 hadi 80, mpiga ngoma asikisie: pigo moja na nusu la zamani ndilo pigo moja jipya. Vipimo vitatu vya mwisho vya kasi ya zamani vina mapigo 12. Humo agonge mapigo mapya manane juu ya yale ya zamani, na wote watatua pamoja.

Sehemu yenye vipimo vya nusu-pigo saba ihesabiwe kwa sauti: moja-mbili, moja-mbili, moja-mbili-tatu. Gitaa likienda kwa saba huku ngoma zikishika nane, hukutana baada ya nusu-pigo 56, yaani vipimo 8 vya gitaa na 7 vya ngoma. Funga sehemu hapo hapo. Kwingine kokote mmoja atasikika amekosea hata kama amepiga sawasawa.

Mazoezini, rudieni kila ungio peke yake, vipimo vinne kabla na vinne baada, kwa metronomu (kifaa cha kugonga mapigo) iliyopunguzwa kasi. Sehemu za mwisho ndizo zifanyiwe mazoezi kwanza, maana ndizo hupigwa watu wakiwa wamechoka. Rekodini: sehemu zenye kelele huwa zinakimbia bila wapigaji kujua, na mwimbaji anayefuata hukosa pumzi.

Jukwaani, sauti za kinanda zipangwe kwa mfuatano wa wimbo na zibadilishwe kwa pedali. Mwangwi wa gitaa unaorudia kila pigo ni milisekunde 500 kwenye 120, lakini 750 kwenye 80. Ukisahau kuubadilisha, noti zinatapakaa ovyo. Nyuzi hulegea kwa joto la taa, kwa hiyo tunga mahali ambapo gitaa linanyamaza vipimo vinane ili nyuzi zikazwe upya.

Solo isiyo na urefu maalumu iwe na ishara ya kuifunga, inayotolewa na mtu mmoja tu. Na aliyepotea anyamaze kabisa, asitafute njia kwa kupigapiga. Asubiri ungio linalofuata, mpiga ngoma amwonyeshe pigo la kwanza kwa kichwa.