Somo: Miguu isiyotulia usiku, tafuta chuma kabla ya dawa ya usingizi

Kwenye kituo chetu cha afya hapa Bukavu hakukosi mtu anayeingia na neno moja: "Munganga, nipe dawa ya usingizi." Ukimuuliza nini kinamnyima usingizi, mkono unashuka wenyewe kwenye shavu la mguu. Kuna kitu kinatembea ndani ya mfupa, anasema. Si maumivu hasa, wala si muwasho, ila miguu haikubali kukaa. Akisimama na kuzunguka chumba, kinaondoka. Akirudi kitandani, nacho kinarudi.

Huo ni ugonjwa wa miguu isiyotulia. Daktari Mwingereza Thomas Willis aliueleza mwaka 1672, na Msweden Karl-Axel Ekbom akauchambua kwa kina na kuupa jina mwaka 1945. Nawataja hao wazee kwa sababu moja tu: watu wa mbali kabisa na sisi, wasiomjua jirani yako, waliusumbukia kabla yetu. Hakuna aliyekutumia kitu kwa uchawi. Miguu yenyewe kwa kawaida ni mizima. Shida iko kwenye ubongo, ambako madini ya chuma yakipungua, kemikali iitwayo dopamini haifanyi kazi yake sawasawa, hasa jioni na usiku. Ugonjwa huu pia hutembea katika familia. Muulize mama yako au shangazi, huenda naye amezunguka nyumba usiku miaka yote bila kumwambia mtu.

Hatua ya 1: Hakikisha ndio huo

Jiulize mambo manne. Je, unasukumwa kuchezesha miguu, mara nyingi pamoja na hisia mbaya ndani yake? Je, inakuja ukiwa umetulia: umekaa kanisani, umelala, uko ndani ya basi? Je, ukitembea au kunyoosha miguu inapungua wakati huohuo? Je, jioni na usiku ni mbaya kuliko asubuhi? Yote manne yakiwa ndiyo, endelea na somo.

Sasa yale yanayofanana nao. Msuli wa shavu la mguu ukikaza ghafla na kuwa mgumu kama jiwe, huo ni mkakamao. Nyayo zikiungua mchana na usiku, zikifa ganzi, na kutembea hakusaidii, fikiria mishipa ya fahamu: sukari, pombe ya miaka mingi, au dawa ya kifua kikuu iitwayo isoniazidi, ambayo mgonjwa huhitaji kuongezewa vitamini B6. Miguu mizito yenye mishipa iliyovimba, inayopata nafuu ukiiinua juu, ni habari nyingine. Na miguu ikidhoofika, ikikakamaa, mtu akaanza kutembea kwa ncha za vidole, usikae nyumbani. Katika nchi yetu kuna konzo, inayotokana na muhogo mchungu usiolowekwa vya kutosha. Mguu mmoja uliovimba, wenye joto na maumivu, nao ni wa kupeleka hospitali siku hiyohiyo, kwa sababu damu inaweza kuwa imeganda.

Hatua ya 2: Mwaga mfuko wa dawa mezani

Hatua hii haina gharama, na ndiyo inayorukwa zaidi. Dawa kadhaa zinazouzwa kila kona ya Kadutu na Nyawera huchochea miguu: prometazini na klorofenamini, zile za mafua na muwasho zinazoleta usingizi, metoklopramidi ya kichefuchefu, amitriptilini na dawa nyingine za huzuni, haloperidoli ya magonjwa ya akili. Ona mtego ulipo. Mtu hapati usingizi, muuza dawa anampa prometazini "alale vizuri", kumbe miguu inazidi kuwaka. Kesho yake anaongeza kidonge.

Za mafua na muwasho mwombe muuguzi akubadilishie. Loratadini, kwa mfano, hailetei miguu shida hiyo. Lakini dawa ya akili au ya huzuni usiiache peke yako hata siku moja. Rudi kwa aliyekuandikia, mwambie kuhusu miguu.

Pombe, sigara na kahawa ziko kwenye mfuko huohuo. Kasiksi (pombe ya ndizi) ya jioni inakuangusha haraka, kisha saa nane usiku inakuamsha na miguu yako.

Hatua ya 3: Pima feritini, si damu tu

Hapa ndipo watu wengi wanapotea njia. Wanapimwa hemoglobini, wanaambiwa damu iko sawa, wanarudi nyumbani. Hemoglobini ni unga ulio ndani ya sufuria leo. Feritini ni ule ulio kwenye gunia, yaani akiba ya chuma mwilini. Sufuria inaweza kujaa huku gunia limebaki vumbi.

Omba feritini kwa jina lake. Si kila kituo kinaipima, kwa hiyo uliza kwenye maabara ya hospitali kubwa. Nenda asubuhi kabla ya kula, na vidonge vya chuma usivimeze tangu siku iliyotangulia. Ukitoka kwenye malaria au homa nyingine, ngoja kwanza upone kabisa: ugonjwa hupandisha feritini, ukapata namba nzuri ya uongo. Ndiyo sababu munganga anaweza kuomba pia kipimo kinachoitwa ujazo wa transferini, kinachoonyesha chuma kinachosafirishwa ndani ya damu.

Namba ya kukumbuka ni 75. Kwa mtu mzima mwenye miguu isiyotulia, feritini ya mikrogramu 75 kwa lita au chini, au ujazo wa transferini chini ya asilimia 20, ni sababu ya kujadili tiba ya chuma. Karatasi ya maabara inaweza kuanza kuhesabu "kawaida" kwenye 15 au 30. Mpaka huo unatafuta upungufu wa chuma kwa jumla, haukuwekwa kwa ajili ya miguu yako.

Ikiwa imeshuka, tafuta chuma kinapotelea wapi. Hedhi nzito, mimba zilizofuatana, kutoa damu mara kwa mara, minyoo ya safura kwa wanaolima bila viatu, vidonda vya tumbo, hasa kwa wanaomeza diklofenaki au ibuprofeni kila siku kwa ajili ya mgongo. Mwanamume au mama aliyekwisha koma hedhi akikutwa na chuma kidogo, achunguzwe tumbo, asipewe vidonge tu na kuagwa.

Hatua ya 4: Meza chuma kwa namna ambayo kitaingia

Kidonge kimoja chenye miligramu 60 hivi za chuma, mara moja kwa siku au siku moja ndiyo, siku moja hapana. Vitatu kwa siku havikusaidii zaidi: mwili ukishapata kipimo kikubwa hufunga mlango kwa muda, kilichobaki kinakuumiza tumbo. Meza tumbo likiwa tupu, pamoja na juisi ya limau, chungwa au maracuja. Kama kichefuchefu kinakuzidi, meza na chakula kidogo; bora nusu iingie kuliko kuacha kabisa. Choo kitakuwa cheusi, usishtuke.

Chai ndiyo adui wa karibu. Mashamba yake yako hapo Kabare, harufu yake iko kila nyumba, na mimi mwenyewe siiachi. Lakini chai na kahawa hukamata chuma tumboni, kile cha kidonge na kile cha maharagi na lengalenga (mchicha) pia. Iache angalau saa moja, bora mbili, mbali na kidonge na mbali na chakula. Maziwa, vidonge vya kalsiamu na dawa za kiungulia nazo zitenge. Vilevile siprofloksasini na doksisiklini: zikikutana na chuma, hazifanyi kazi yake.

Kwenye sahani, nyama, maini na sambaza (samaki wadogo wa ziwa) hutoa chuma kinachoingia kwa urahisi, tena husaidia kile cha maharagi kiingie. Bugali na sombe (majani ya muhogo) tupu, siku saba kwa wiki, haitoshi kwa mama mwenye hedhi nzito.

Mawili ya kukataza. Usimeze chuma miezi na miezi bila kupima, na mwenye ugonjwa wa SS (selimundu), hasa aliyewahi kuongezewa damu, asiguse bila daktari, kwa sababu chuma kinaweza kuwa kimemjaa. La pili, vidonge hivyo viwekwe mahali mtoto hafiki. Vinang'aa kama pipi, na mtoto mdogo akimeza vingi vinaweza kumuua.

Rudi upime baada ya miezi mitatu. Wengine wanaanza kuona nafuu mapema, wengine wanachelewa. Tumbo likikataa kabisa vidonge au namba isipopanda, hospitali inaweza kutoa chuma kwa mshipa, mgonjwa akiwa chini ya uangalizi.

Hatua ya 5: Jioni yenyewe

Mazoezi ya wastani mchana, si ya kujiua usiku. Huku kwetu kupanda ngazi za Kadutu na ndoo ya maji ni mazoezi tosha. Kabla ya kulala nyoosha mashavu ya miguu: simama ukiegemea ukuta, mguu mmoja nyuma, kisigino chini, uhesabu taratibu mpaka thelathini, kisha ubadilishe. Chua miguu. Maji ya moto yanawasaidia wengine, ya baridi wengine. Jaribu yote mawili. Lala na kuamka saa zilezile. Kazi inayoshika akili, kama kusuka, kuhesabu mauzo au kucheza karata, hutuliza miguu kuliko kukaa ukiangalia ukuta, basi ukilazimika kukaa jioni, shika kazi ya mikono.

Hatua ya 6: Dawa za daktari

Kama chuma kiko sawa na bado hulali, daktari anaweza kuandika gabapentini au pregabalini. Huleta kizunguzungu na usingizi, hazichanganywi na pombe, na mwenye figo mbovu hupunguziwa kipimo. Zamani pramipeksoli ndiyo ilikuwa ya kwanza. Inafanya kazi vizuri mwanzoni, kisha kwa wengi dalili huanza mapema zaidi mchana na kupanda hata mikononi. Wengine hushikwa na tamaa ya kamari wasiyokuwa nayo. Mwongozo wa wataalamu wa usingizi wa Marekani uliotoka 2025 hauishauri tena kama dawa ya kawaida. Ukiwa unaitumia tayari, usikate ghafla.

Maswali ya wanachama

*Mama wa Kadutu:* Aksanti kwa somo. Niko na mimba ya miezi saba, mbele sikuwa na hii kitu. Itabakia?

Mama, miezi mitatu ya mwisho ndiyo msimu wake. Kwa wengi huondoka ndani ya wiki chache baada ya kujifungua, ingawa inaweza kurudi mimba nyingine. Vidonge vya chuma na foliki unavyopewa CPN (kliniki ya wajawazito) umeze kweli, si kuviweka kabatini, na chai uisogeze. Waambie pia CPN kuhusu miguu, waangalie kama kipimo kinatosha. Prometazini usikubali kuuziwa.

*Kaka wa Panzi:* Mama mukwe anasema ni bantu banatembea juu yangu usiku. Wanataka kunipeleka kwenye maombi ya kufunga siku tatu.

Maombi nenda, sikukatazi. Lakini kufunga siku tatu hakuongezi chuma, na mkesha wa kukaa kwenye benchi utakutesa bure. Simama nyuma ya kanisa ambako unaweza kutembea. Kisha peleka karatasi ya maabara kwa mama mkwe, kwa heshima, umweleze kinachoendelea.

*Baba wa watoto wanne, Bagira:* Mtoto wangu wa miaka tisa anapiga mateke usiku, na mwalimu anasema hatulii darasani. Mimi pia niko nayo.

Papa, watoto wanaupata, na wewe kuwa nao kunaongeza uwezekano. Mwambie aeleze miguu inavyomfanya kwa maneno yake, bila kumpa majibu. Apewe dawa ya minyoo kama hajapata karibuni, apimwe feritini. Kwa watoto wenye dalili hizi madaktari huangalia kama iko chini ya 50. Kipimo cha chuma cha mtoto kinafuata uzito, kwa hiyo usimkatie kidonge chako. Na mwalimu aambiwe kwamba mtoto asiyelala vizuri hawezi kutulia.

*Kijana wa moto (pikipiki ya abiria), Essence:* Nikimeza tramadoli kidogo baada ya kazi miguu inanyamaza kabisa. Kuna ubaya gani?

Hujakosea kuona nafuu. Dawa za jamii hiyo hutuliza miguu, na madaktari huwapa wachache walioshindikana, kwa kipimo kidogo na kwa kufuatiliwa. Ubaya ni kwamba unaongeza mwenyewe, mwili unaizoea, ukiiacha miguu inaruka kuliko mwanzo, na tramadoli inaweza yenyewe kuzidisha ugonjwa huu. Ikizidi inaleta degedege. Wewe unabeba abiria kwenye miteremko yetu. Njoo tuonane, tupunguze polepole, wakati huohuo tupime chuma.

*Mwanachama:* Na vidonge vya manyeziamu (magnesium)?

Ushahidi ni mdogo. Kama figo zako ni nzima na imekusaidia, sawa, ila pesa ya kwanza iende kwenye feritini.

*Dada anayesafiri Goma kwa boti la usiku:* Safari inanimaliza.

Chagua kiti cha pembeni ya njia, si cha dirishani. Amka utembee kabla hisia haijakolea, ukingoja imeshika itachukua muda kuiondoa. Na dawa ya kichefuchefu cha ziwa uliza imetengenezwa na nini: nyingi ni za jamii ya prometazini.

*Mama wa Nguba:* Nimepima. Feritini 38, karatasi imeandikwa kawaida, na muuza dawa anasema sihitaji kitu.

Mama, kwa miguu yako 38 ni ndogo. Peleka karatasi kwa daktari mjadili chuma, umwambie pia kuhusu hedhi ilivyo. Karatasi hiyo usiitupe, tutailinganisha na ya miezi mitatu ijayo.