Andika tarehe kwenye dumu la mafuta: kubadili ulaji wa nyumbani bila kugombana

Kazi yangu ni ushauri wa lishe mitaani, huku Temeke. Watu ninaowatembelea karibu wote wanajua cha kula. Watakutajia mboga za majani, matunda, maji, kupunguza mafuta, hata kabla hujakaa. Wasichokijua ni kiasi. Ukiuliza, "Mafuta mnatumia mengi?" unajibiwa, "Ya kawaida tu." Na kila nyumba ina kawaida yake.

Kwa hiyo mimi sianzi na orodha ya vyakula. Naanza na maka peni.

Hatua ya 1: Andika tarehe, usibadili kitu

Siku unayofungua mafuta, sukari na chumvi, andika tarehe juu ya chombo. Kisha pikeni kama kawaida mpaka viishe. Usimwambie mtu, maana ukitangaza tu, wiki hiyo kila mmoja atajifanya mwema na hesabu itaharibika.

Kama mnanunua mafuta ya kupima au sukari robo robo kwa Mangi wa duka la mtaani, weka daftari jikoni, kila robo mstari mmoja. Mistari minne ni kilo.

Hatua ya 2: Gawa

Tuchukue nyumba ya watu watano ambayo kilo ya sukari inaisha siku nne. Gramu 1,000 ukigawa kwa watu watano kwa siku nne, kila mtu anapata gramu 50 kwa siku. Kwa mtu mzima wa kawaida, hapo ndipo Shirika la Afya Duniani linaposema usipite, na linasema ukishuka hadi gramu 25 ni bora zaidi. Nawe hujahesabu soda, juisi za paketi wala maandazi ya asubuhi. Chupa moja ya soda ya kola ya mililita 350 ina sukari gramu 35 hadi 40. Kwa maneno ya jikoni: kilo ya watu watano ikae siku nane.

Chumvi ni rahisi. Kiwango ni chini ya gramu 5 kwa mtu mzima kwa siku, kijiko kimoja cha chai, kwa hiyo pakiti ya nusu kilo kwa watu watano isiishe kabla ya siku 20. Kama kuna watoto wadogo, ikae zaidi. Vile vidonge vya kuongeza ladha ya mchuzi navyo vimejaa chumvi, vihesabu. Na hiyo chumvi kidogo unayotumia iwe yenye madini joto.

Mafuta ndiyo huwashtua watu. Lita moja kwa siku nne, watu watano, ni mililita 50 kwa kila mmoja, vijiko vitatu vya chakula na ushei. Hizo ni zaidi ya kalori 400 kabla hujagusa ugali. Shabaha ninayowapa ni lita ifike wiki nzima.

Hatua ya 3: Sukari kwanza, na kimyakimya

Chagua kimoja tu kati ya vitatu. Mimi huchagua sukari kwa sababu ikipungua ulimi huzoea haraka. Kama chai ya sufuria huwekwa vijiko nane, wiki hii weka saba, wiki ijayo sita. Ongeza tangawizi, iliki, mdalasini au mchaichai, chai isiwe ya huzuni.

Wenzangu wengi husema kila mtu ajiwekee sukari mezani. Mimi sikubaliani nao. Bakuli la sukari likikaa mezani kila kijiko huja na kilima. Mwanzoni aitie mtu mmoja, ndani ya sufuria, mwenye kujua ameweka vingapi.

Uji je? Ndimu au ukwaju huupa ladha, na ndizi mbivu iliyopondwa huwatosha watoto wengi.

Hatua ya 4: Mafuta yapite kwenye kijiko

Usimimine kutoka kwenye dumu. Hata mkono wa mpishi mzoefu hudanganya. Pima kwa kijiko cha chakula, kitunguu kikianza kushika chini ongeza maji kidogo, siyo mafuta, kisha nyanya zitamalizia kazi. Ukipika kwa nazi au karanga za kusaga, mafuta ya dumu hayahitajiki kabisa. Nazi imeshakuja na yake. Chapati na vya kukaanga visipigwe marufuku, vipewe siku yake.

Hatua ya 5: Rekebisha sufuria, si sahani

Mabango ya kliniki huchora sahani iliyogawanywa: nusu mboga na matunda, nusu iliyobaki vyakula vingine. Mchoro mzuri, lakini nyumba nyingi tunakula sinia moja, na hakuna anayechora mstari kwenye sinia. Palipo na mafungu mawili ya mchicha kwa watu watano, mtu atamega tonge kubwa na kuchovya tu. Afanyeje?

Basi badili sokoni. Mafungu mawili yawe manne, unga upungue kikombe kimoja. Changanya aina: leo matembele, kesho majani ya kunde, keshokutwa bamia na nyanya chungu. Majani yaivie dakika chache, yabaki kijani. Kisamvu ni habari nyingine: kitwangwe na kuchemshwa vizuri, maana kibichi kina sumu. Matunda nunua ya msimu, maembe mwisho wa mwaka, machungwa ya Muheza yanapojaa sokoni. Tunda la bei nafuu lina faida ileile.

Hapa nikiri. Nilipoanza kwangu, nilitupa sembe yote siku moja nikaleta dona. Watoto waligoma, na baba yao akawa anarudi ameshakula chips. Ilinibidi nirudi nyuma: nusu dona, nusu sembe, mwezi mzima, kisha robo tatu. Dona ina ganda lenye nyuzinyuzi na kiini chenye mafuta na vitamini, vitu ambavyo mashine ya kukoboa huviondoa. Kwa sababu ya hicho kiini haikai muda mrefu, basi saga kidogo kidogo. Na mahindi yachambueni kabla ya kusaga, punje zenye ukungu zitupwe. Mwaka 2016 sumukuvu iliua watu Dodoma na Manyara, na moto wa jiko hauiondoi.

Hatua ya 6: Mambo madogo

Maharage yaloweke usiku, mkaa utapungua. Kamulia ndimu kwenye mboga za majani, na chai isinywewe na chakula, isubiri saa moja hivi: chai huzuia mwili kuchukua madini ya chuma, ndimu husaidia. Dagaa wanaliwa na mifupa yao, ndiyo kalsiamu ya bei rahisi kuliko zote ninayoijua.

Mwenye kisukari, presha au ugonjwa wa figo asifuate haya kabla ya kuzungumza na kliniki yake. Dawa zake huenda zinaendana na kiasi cha chakula anachokula sasa.

Hatua ya 7: Tarehe ya pili

Fungua kilo mpya, andika tarehe, linganisha. Ikiwa ya kwanza ilikaa siku nne na hii siku tano, mmeshapiga hatua, msiharakishe. Ikiwa imerudi siku nne, uliza kabla ya kulaumu. Mara nyingi kulikuwa na wageni, au mtoto amegundua uji wa saa kumi.

Mwezi wa Ramadhani niliacha kuulinganisha na miezi mingine. Uji wa futari, tambi, kaimati: kwangu kilo huisha siku tatu. Naandika tarehe vilevile, kisha nafungua ukurasa mpya baada ya Idi.