Jinsi ya Kuandika Historia ya Eneo Bunge Lako: Fuata Mpaka, Mbunge Baadaye

Nina saiba karibu na Soko la Toi. Muhula ukikaribia kwisha, wanafunzi wa vyuo huniletea flashi zao niwaprintie kazi, na kazi moja hairuki mwaka: historia ya eneo bunge la Kibra, lenye mtaa wa Kibera hapa Nairobi. Wakati mwingine ni vijana wa wadi wanaotaka karatasi ya kumsomea mheshimiwa barazani. Nikifungua faili nakuta orodha ya miaka, majina ya wabunge na vyama, basi. Tena inaanza 2013, kwa kuwa mwaka huo ndipo jina Kibra lilipoingia kwenye karatasi ya kura. Ukiisoma utadhani wazee wa Makina walikuwa hawajawahi kuona debe la kura.

Nimeshawaelekeza wengi pale kaunta, na sasa nayaandika. Mifano yangu ni ya Kibra kwa sababu ndiko ninakokaa, lakini njia ni ileile ukiwa Mathare, Roysambu au Embakasi ya upande wowote.

Chagua mahali pasipohama

Usianze na jina la eneo bunge. Anza na kitu kilichosimama pale pale miaka yote: shule, msikiti, kanisa, stesheni. Mimi hutumia reli inayokata Kibera, maana hakuna tume ya mipaka iliyowahi kuihamisha. Kisha kwa kila uchaguzi uliza swali moja tu: mwaka huu, watu wa hapa walimpigia kura mbunge wa wapi?

Ukifanya hivyo, historia yako inarudi nyuma yenyewe. Kabla ya 2013 Kibera ilikuwa ndani ya Langata. Kwa hiyo Mwangi Mathai aliyeshinda 1974 ni wa historia yako. Philip Leakey, Mzungu wa kwanza kuchaguliwa mbunge baada ya uhuru, mwaka 1979, ni wako pia, na alikaa hadi 1992. Marehemu Raila Odinga, aliyeshika kiti kutoka 1992 hadi 2013, ni wako zaidi ya wote, ingawa hakuna siku aliyoitwa mbunge wa Kibra. Halafu ndipo anakuja Ken Okoth, mbunge wa kwanza wa Kibra yenyewe.

Majina ya Nairobi yanahama kuliko wapangaji. Mfano mzuri uko ng'ambo ya mji. Mwai Kibaki aliingia bungeni 1963 kama mbunge wa Donholm. Kiti hicho baadaye kikaitwa Bahati, na ndiko Jael Mbogo alikomtoa jasho kwelikweli 1969. Leo kinajulikana kama Makadara. Mwanafunzi anayetafuta "Makadara 1963" atarudi mikono mitupu na kuandika kwamba rekodi zimepotea. Hazijapotea, zimelala chini ya jina jingine. Kwetu tafuta Kibera na Kibra, Langata na Lang'ata, kila tahajia kivyake, kwa sababu kompyuta haijui kwamba unamaanisha kitu kimoja.

Tafuta karatasi ya mpaka

Mipaka ya kura huchapishwa katika Gazeti Rasmi la Serikali, na hiyo ndiyo karatasi ya kushika kwanza. Ya sasa ni Tangazo la Kisheria nambari 14 la 2012, la mwezi Machi mwaka huo. Utalipata bure kwenye tovuti ya Kenya Law, pamoja na hukumu za kesi za uchaguzi. Nenda moja kwa moja kwenye Nairobi, kaunti ya 47, ya mwisho kabisa. Maeneo bunge yake yanaanza na Westlands, nambari 274, na kuishia Mathare, nambari 290. Kibra ni 278. Iandike nambari hiyo pembeni ya daftari, kwa sababu kwenye majedwali ya matokeo ya IEBC, tume ya uchaguzi na mipaka, nambari haikosewi tahajia.

Soma wadi moja moja. Za Kibra ni Laini Saba, Lindi, Makina, Sarang'ombe na Woodley/Kenyatta Golf Course. Zilizobaki Langata ni Karen, Nairobi West, Mugumo-ini, South C na Nyayo Highrise. Ukiziweka bega kwa bega utaona tume ilichofanya. Mtu wa mabati ya Lindi na mtu wa jumba la kitajiri la Karen walikuwa wakipanga foleni kwa kiti kimoja, na 2012 wakatenganishwa. Mimi naona ilikuwa haki, lakini kuna wazee hapa Makina wanaosema tulipoteza sauti ya watu wenye uwezo wa kupigia waziri simu. Andika maoni yote mawili.

Ukishamaliza 2012, rudi nyuma kwa ngazi. Maeneo bunge ya Kenya yalikuwa 117 mwaka 1963, yakawa 158 baada ya Seneti kuvunjwa na kuunganishwa na bunge la chini, yakawa 188 kwa uchaguzi wa 1988, 210 kwa ule wa 1997, na 290 tangu 2013. Kila idadi ilipopanda, mahali fulani mstari ulichorwa upya, na hapo ndipo pa kutafuta ramani mpya. Nairobi ilienda kwenye uchaguzi wa 2007 na viti 8. Uliofuata ikawa na 17.

Kwa magazeti ya zamani panda Maktaba ya McMillan, Banda Street, au Nyaraka za Taifa pale Moi Avenue. Beba penseli na subira. Usiende Ijumaa alasiri ukitegemea kumaliza kazi.

Piga hesabu mwenyewe

Sehemu hii ndiyo wengi wanairuka, nami ndiyo naipenda kuliko zote. Katiba ya 2010, kifungu cha 89, inasema kila eneo bunge liwe na watu wanaokaribiana na wastani wa taifa. Miji mikubwa na maeneo yenye watu wachache wanaruhusiwa kupita au kupungukiwa kwa asilimia 40, kwingine asilimia 30.

Chukua sensa ya 2009: watu 38,610,097, gawa kwa 290, unapata 133,138. Kibra ilihesabiwa kuwa na 178,284. Yaani tulikuwa juu ya wastani kwa asilimia 34 hivi, karibu tugonge dari la mji.

Sasa rudia kwa sensa ya 2019. Watu 47,564,296 gawa kwa 290 ni 164,015. Kaunti ndogo ya Kibra ilikuwa na 185,777, asilimia 13 tu juu. Kenya imekua kwa kasi kuliko sisi tuliobanana huku. Mwanasiasa akikuambia Kibra imefurika hadi lazima igawanywe mara mbili, mtolee hesabu hii polepole.

Lakini hesabu ya Nairobi nzima inasema jambo jingine. Mji ulikuwa na watu 4,397,073. Gawa kwa viti 17, kila kiti kinabeba watu wapatao 258,650. Dari la asilimia 40 kwa sensa hiyo ni 229,621. Kwa wastani, basi, mbunge wa Nairobi amebeba watu kupita kiwango cha juu kabisa cha katiba. Ili tu kuingia chini ya dari, mji ungehitaji viti 20. Kwa wastani mtupu ungestahili karibu 27. Na viti vya taifa haviongezeki, ni 290, kwa hiyo vya Nairobi lazima vitoke kwa mtu. Hapo ndipo maneno huwa makali.

Kuna mtego mmoja. Sensa ya 2019 iligawa Nairobi katika kaunti ndogo 11, si maeneo bunge 17. Njiru ina watu 626,482 kwenye sensa, lakini hakuna mbunge wa Njiru. Kasarani ya sensa, yenye watu 780,656, si Kasarani ya kura. Kabla ya kunakili tarakimu, linganisha kata ndogo zilizo kwenye sensa na zile za tangazo la 2012. Ukikuta jina limefanana, usifurahi haraka.

Miaka yenye mashimo

Mwanzo kabisa, Machi 1957, Waafrika walichagua wajumbe wanane kuingia Baraza la Kutunga Sheria. Kiti cha Nairobi alikitwaa Tom Mboya dhidi ya Argwings-Kodhek. Si kila mtu aliyepiga kura, na wengine walipiga hadi kura tatu kila mmoja kulingana na elimu, mapato, mali na mengine kama hayo. Usiilinganishe kamwe na kura ya leo.

Mwaka 1969 chama cha upinzani cha KPU kilipigwa marufuku kabla ya uchaguzi, kikabaki chama tawala cha KANU peke yake. Kwa hiyo kura ya mchujo ya tarehe 6 Desemba ndiyo ilikuwa uchaguzi wenyewe. Ukitafuta matokeo ya "uchaguzi mkuu" wa vyama mwaka huo, unatafuta kitu ambacho hakikufanyika. Mwaka 1988 mchujo ulikuwa wa mlolongo, watu wakisimama nyuma ya mgombea wao mchana kweupe, na aliyepata asilimia 70 alipita bila kura ya siri. Charles Rubia, aliyekuwa mbunge wa Starehe tangu 1969, aliondoka bungeni mwaka huo. Ukikuta tarakimu za 1988, zinakili, lakini weka sentensi ya onyo.

Madiwani nao wana shimo lao. Baraza la Jiji lilivunjwa 1983 na mji ukaendeshwa na tume ya kuteuliwa hadi 1992. Ukikosa diwani wa Kibera wa 1986, usimlaumu mkutubi, hakukuwa na diwani.

Halafu chaguzi ndogo. Langata ilipiga kura ya mbunge mara mbili mwaka 1997. Raila alikuwa ametoka FORD-Kenya na kuacha kiti, akakirudia Machi kwa tiketi ya NDP, kisha Desemba uchaguzi mkuu ukafika. Orodha nyingi zinaandika mara moja tu. Kibra yenyewe ilipiga kura tarehe 7 Novemba 2019, baada ya Ken Okoth kufariki Julai. Ndugu yake Bernard, tunayemjua kama Imran, alishinda, na aliyemfuata alikuwa McDonald Mariga, yule mchezaji wa kandanda.

Uwakilishi: waulize watu swali la miguu

Ukimwuliza mzee "mbunge wenu alikuwa nani 1983?" atakisia. Mwulize "mlolongo ulisimama wapi?" au "mama, kura yako ya kwanza ulipigia shule gani?" Miguu inakumbuka. Mwamkie vizuri, keti, kubali chai, na simu isitoke mfukoni kabla ya kuomba ruhusa ya kurekodi. Kwa wazee Wanubi mazungumzo yatahamia ardhi, nawe usiyakatize. Wao walikaa hapa tangu siku za jeshi la King's African Rifles, na hatimiliki ya ekari 288 ilikuja 2017. Wabunge wote wa Langata walipita katikati ya hadithi hiyo. Mwulize mpangaji naye, atakupa historia nyingine. Mwishoni mwa 2001, Rais Moi alipotaka kodi za nyumba za Kibera zishushwe, wapangaji na wenye nyumba waligombana hadi damu ikamwagika, na mbunge wa eneo, Raila, alikuwa pia waziri wa kawi serikalini. Simulizi la upande mmoja hapo ni uchochezi tu.

Usipime wabunge wote kwa kipimo kimoja. Hazina ya CDF, ile ya maendeleo ya maeneo bunge, ilianza 2003. Kabla ya hapo mbunge aliishi kwa harambee na kwa kelele zake bungeni, kwa hiyo kumlaumu Leakey kwa kutojenga madarasa kama Okoth ni kuonea marehemu na walio hai pamoja. Kwa wa zamani fungua kumbukumbu za Bunge, tafuta jina la mtaa wako, usome mbunge alivyouliza na waziri alivyokwepa.

Tazama pia yaliyochipuka pembeni ya siasa. Mwangi Mathai alipoahidi wapiga kura wa Langata kazi mwaka 1974, mkewe Wangari ndiye aliyehangaika ahadi isife, akaanzisha kampuni ya Envirocare iliyoajiri watu kupanda na kutunza miti. Kampuni haikudumu. Wazo lilidumu, na tarehe 5 Juni 1977 miche saba ikapandwa Kamukunji, mwanzo wa Green Belt Movement. Hili huwezi kulipata kwenye safu ya "mwaka, jina, chama".

Kazi ikishaisha

Usiiache ikae kwenye flashi. Katiba inataka mipaka ipitiwe kila baada ya miaka 8 hadi 12. Ile 12 iliisha Machi 2024 na IEBC haikuwa na kamishna hata mmoja ofisini. Vikao vya wananchi vitakapoitishwa, makamishna watasikiliza idadi ya watu, sura ya nchi na miji, njia za mawasiliano, na uhusiano wa kihistoria, kiuchumi na kitamaduni. Toa kurasa zako mbili bora: orodha ya mitaa na wadi zake, hesabu yako ikionyesha ulivyogawa, na aya moja ya historia yenye miaka. Andika unachotaka kwenye sentensi ya kwanza kabisa, kwani karani anayepokea ana marundo mezani. Weka jina, saini na wadi yako. Fotokopi mbili, moja waipokee, nyingine wakupigie muhuri na tarehe urudi nayo nyumbani.