Pawatila kuukuu ikigoma kuwaka: anzia kwenye tangi

Vuli ikikaribia, mafundi wa Magu, Misungwi na Sengerema mkoani Mwanza hawapumui. Pawatila, yaani trekta ndogo za kuongozwa kwa mikono, zilizoegeshwa tangu msimu uliopita zinatolewa bandani, zinapigwa hendeli, haziwaki. Kinachofuata wenye mashine wanakijua: fundi anafungua pampu, anafungua nozo inayopuliza dizeli ndani ya silinda, gharama inapanda, na mashine inarudi jalubani na ugonjwa mwingine. Spana isiguse pampu kabla hujamalizana na tangi, chujio na hewa iliyonasa kwenye mipira ya dizeli. Injini ya dizeli ya silinda moja haina plagi. Inataka dizeli safi, hewa ya kutosha na mgandamizo, basi, na kwenye mashine iliyokaa muda mrefu tatizo huwa dizeli mara nyingi zaidi.

Dizeli ya madumu, hasa inayovushwa kwenda visiwani, hupita kwa watu wengi kabla ya kukufikia. Iache itulie usiku kucha, kisha mimina taratibu kupitia kitambaa safi, na ile ya chini kabisa usiitie. Maji ni mazito kuliko dizeli, hivyo hukaa chini pamoja na mchanga. Fungua kikombe cha chujio: ukiona matone yanayoteleza chini kama shanga, hayo ni maji, na tangi lote limwagwe.

Tangi likishajaa dizeli safi, toa hewa. Fungua koki, legeza nati pale mpira unapoingia kwenye pampu, subiri hadi dizeli itoke bila mapovu, kaza. Kisha legeza nati ya bomba upande wa nozo, fungua mafuta hadi mwisho, inua kishikio cha kuachia mgandamizo na uzungushe hendeli mpaka dizeli itoke pale, kaza tena. Sasa zungusha polepole na utege sikio. Nozo isiyo na kasoro hulia "krr" fupi kila inapopuliza. Ukiisikia, pampu na nozo zinafanya kazi. Waache mafundi wapumzike. Isipolia hata baada ya kutoa hewa mara ya pili, hapo ndipo fundi wa pampu anapohitajika. Ila usiweke kidole mbele ya nozo inayopuliza: dizeli ya mgandamizo mkubwa hutoboa ngozi, na jeraha la namna hiyo ni la hospitali hata likionekana dogo.

Nozo inalia na bado haiwaki? Zungusha injini bila kuinua kishikio. Ikizunguka kirahisi, mgandamizo umepotea: vali zimechakaa au hazijarekebishwa, au ringi zimekwisha. Hiyo ni kazi ya karakana, na bora ifanyike mwezi Septemba kuliko Desemba.

Jambo moja ambalo vijana wengi hawafundishwi: injini hizi zinaweza kuwaka kinyume, hasa hendeli ikipigwa kwa unyonge. Moshi ukitokea kwenye chujio la hewa badala ya ekzosi, funga mafuta papo hapo. Ikizunguka kinyume, pampu ya oili haipandishi oili, na injini inaweza kuungua.

Ikishawaka, moshi una maneno yake. Mweusi: umeibebesha mzigo mzito au chujio la hewa limeziba, na kwenye mbuga zetu zikikauka vumbi ni jingi, kwa hiyo bakuli la oili la chujio likaguliwe kila siku ya kazi. Wa bluu: inakula oili. Mweupe usiokoma hata injini ikishapata moto: dizeli haiungui vizuri, au maji yanaingia kwenye silinda.

Injini za kupozwa kwa kuchemsha maji hupunguza maji kila saa ya kazi, hivyo angalia kiboya chekundu kinachoonyesha kiwango cha maji. Usichote maji ya jaluba kwa sababu tu yako karibu. Tope lake huganda kuzunguka silinda. Na maji yakikauka ukiwa kazini, zima uache ipoe yenyewe. Maji baridi kwenye chuma chenye moto hupasua.

Mikanda ibadilishwe yote kwa pamoja. Ukichanganya mpya na ya zamani, mpya hubeba mzigo peke yake na kukatika mapema.

Hatari ambayo wakulima wa mpunga hukutana nayo zaidi ni maji kuingia kwenye giaboksi kupitia sili (mipira ya kuzuia uvujaji) za ekseli na za rotaveta, yaani visu vinavyozunguka kuchimba udongo, kwa sababu mashine hushinda ndani ya maji. Majani na nyuzi zikijiviringisha kwenye shafti huikata sili polepole, kwa hiyo zitoe kwa kisu kila jioni kabla ya kuosha. Kupima ni rahisi: asubuhi, kabla ya kuwasha, legeza kidogo boliti ya chini ya kumwagia oili. Yakitangulia maji, sili imekufa. Oili ikitoka na rangi ya chai ya maziwa, umechelewa kidogo lakini gia bado zinaweza kuokolewa: mwaga yote, badili sili, weka oili mpya.

Msimu ukiisha, mwaga maji ya kupozea, jaza tangi hadi juu ili unyevu usipate nafasi, paka grisi visu vya rotaveta, inua matairi kwa matofali. Kisha zungusha hendeli taratibu hadi uhisi inagoma, uiache hapohapo. Vali zote zimefunga, na hewa ya ziwa haipati njia ya kuingia ndani kula silinda.